Kabla hatujanunua baiskeli za vijana: hoja yangu kuhusu tairi nene na cheni ya kawaida

Najua nimekuwa kimya kwa muda, na najua wengine mnangoja sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata niliyowaahidi. Itakuja. Leo niruhusuni niongee juu ya baiskeli, kwa sababu Jumamosi hii kikundi chetu cha waendeshaji hapa Rongai kinakaa kuamua matumizi ya pesa tulizochanga karibu mwaka mzima, na mimi niko upande wa wachache. Mkutano uliopita nilipewa dakika tatu nikababaika. Kuandika naweza kuliko kuongea, kwa hivyo hoja yote naiweka hapa, na wenzangu wa kikundi najua mnasoma.

Jambo lenyewe ni hili. Pesa ni za kununulia vijana watano wa upande wa Kiserian baiskeli. Saa hii wanaazima zetu, tena kwa zamu, na wawili kati yao tayari wananiacha mlimani bila hata kuhema. Wengi kikundini wanataka baiskeli za mashindano zilizotumika Ulaya: fremu za kaboni, gia kumi na moja nyuma, mbili kati yazo zina gia za umeme, na tairi za milimita 25. Bei ni nzuri ajabu, nakubali. Mimi nasema tununue za alumini au chuma, gia nane au tisa nyuma, breki za diski zinazovutwa kwa waya, tairi za milimita 38 hivi, halafu theluthi ya pesa isinunue baiskeli yoyote. Iwekwe kando kwa vipuri na kwa kumlipa fundi. Kwa hilo nimeitwa mtu wa Black Mamba. Sikukasirika, na nitawaeleza kwa nini.

Machi 2023 nilikuwa kwenye barabara ya Magadi na baiskeli yangu ya kaboni, ile nyeusi mnayoijua. Nilikuwa nimepita Oltepesi, nikaamua kuingia njia ya changarawe upande wa kushoto kwa sababu ya udadisi tu. Kilomita chache ndani, jiwe liliruka likapiga kile kibadilishi cha gia cha nyuma, kikaingia kwenye spoki, na kishikio chake kikakatika. Kama hujui, kishikio ni kile kipande kidogo cha alumini kinachounganisha kibadilishi cha gia na fremu. Kimetengenezwa kiwe dhaifu makusudi, ili kivunjike chenyewe badala ya fremu. Wazo zuri kabisa, kama fyuzi ya umeme nyumbani. Shida ni kwamba fyuzi unaipata dukani.

Nikasukuma baiskeli hadi kituo kidogo cha maduka, jua la saa saba kichwani. Chini ya mgunga kulikuwa na fundi, mzee wa makamo, na vifaa vyake vyote vilikuwa ndani ya karai: spana mbili, plaisi, nyundo, misumari, solusheni ya viraka, na mkebe wa oili chafu ya gari. Aliigeuza baiskeli yangu akaiangalia kwa heshima kama mtu anayeangalia ng'ombe wa mwenzake.

"Kijana, hiki kilichovunjika ni kitu gani?"

"Ni kishikio cha gia, mzee. Kinahitaji kubadilishwa tu."

"Unacho kingine?"

"Sina."

"Sasa nikifungua hiki, nitafunga na nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo nalitafuta. Tukiwa tumekaa hapo alikuja mvulana na Black Mamba ya kubebea maji, spoki mbili zimekatika. Mzee alichomoa spoki kutoka gurudumu bovu lililoning'inia mtini, akazipima kwa jicho, akazifunga, akazungusha gurudumu na kulinyoosha kwa kusikiliza sauti ya spoki kwa kucha. Haikuchukua nusu saa. Mvulana akalipa, akaenda zake na mitungi. Mimi mwenye baiskeli ya bei ya pikipiki nimekaa kwenye jiwe.

Mwishowe mzee aliikata cheni yangu kwa msumari na nyundo, akaifupisha, tukaipitisha kwenye jino moja nyuma ili iwe baiskeli ya gia moja. Ilinifikisha kama kilomita sita. Baiskeli za kisasa haziwezi kusogeza gurudumu nyuma ili kukaza cheni, kwa hivyo ilikuwa inaruka kila nikikanyaga kwa nguvu. Ikakatika kabisa, nikapakiwa na lori la mchanga mpaka Kiserian. Kile kipande, ambacho hakifiki hata gramu thelathini, kiliagizwa ng'ambo na kikachukua wiki saba. Wiki saba baiskeli imelala sebuleni kwa sababu ya kipande cha ukubwa wa kidole gumba!

Naam, mtasema kosa ni langu, ningebeba cha akiba. Ni kweli, na sasa nabeba. Lakini fikirini: baiskeli tano za watengenezaji watano ni vishikio vya aina tano, kila kimoja na namba yake, na baadhi ya mifano ile imeacha kutengenezwa. Hata watengenezaji wenyewe wameiona shida hii. Mwaka 2019 SRAM ilitoa muundo mmoja wa kishikio ambao fremu za kampuni nyingi zinaweza kuutumia. Lakini fremu tunazouziwa sisi ni za kabla ya hapo. Kwenye fremu nyingi za chuma za kawaida kishikio ni sehemu ya fremu yenyewe, na kikipinda, fundi yeyote anakirudisha kwa spana.

Sasa tuje kwenye tairi, kwa sababu hapa ndipo tunapobishana zaidi na hapa ndipo nina hakika zaidi.

Nilipoanza kuendesha nilifundishwa kama sote tulivyofundishwa: tairi nyembamba ndiyo ya kasi, na pampu mpaka iwe kama jiwe. Milimita 23, presha 110. Ushauri huu tuliuokota kutoka Ulaya ya miaka ya 2000, tukaufanya sheria, na wenyewe wameshauacha sisi tumebaki nao. Leo kwenye mbio kubwa za lami milimita 28 ni kawaida. Paris–Roubaix, mbio zilizoanza 1896 na ambazo zina takriban kilomita 55 za barabara ya mawe kati ya jumla ya 260 hivi, wanapanda 30 na 32 na zaidi, na hao ni watu wanaolipwa kwa kasi.

Sababu si ngumu. Kwenye kitu laini kabisa, kama zile rola za maabara ambazo tairi zilikuwa zikipimiwa, presha kubwa inaonekana kushinda kwa sababu tairi haijikunji sana. Barabarani kuna kokoto. Tairi ngumu haimezi kokoto, inaipanda. Kila kokoto inainyanyua baiskeli pamoja na wewe, na nguvu iliyopaswa kukupeleka mbele inapotea katika kutikisa nyama zako. Jan Heine na jarida lake la Bicycle Quarterly huko Marekani walianza kupima jambo hili barabarani katikati ya miaka ya 2000, na wengi waliwacheka. Siku hizi hakuna anayecheka. (Sisi waandika programu tunaijua hadithi hii: programu inakimbia vizuri kwenye mashine ya aliyeiandika, halafu unaipeleka kwa mteja.)

Nimejaribu mwenyewe kwenye kipande kimoja cha muramu chenye ile mikunjo kama mabati. Mwili wangu na baiskeli ni kama kilo 82. Tairi za 25 kwa presha 95, mikono ilikuwa inakufa ganzi na macho hayaoni shimo lililo mbele. Tairi za 38 kwa presha 42, juhudi zile zile, nilifika mapema na nikiwa na hamu ya kuongea na watu. Si utafiti, ni mtu mmoja na saa. Lakini rudieni wenyewe, kipande mnakijua.

Na kuna pancha. Tairi nyembamba ikigonga ukingo wa shimo, rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba, kama aliyeumwa na nyoka. Dawa ya watu wengi ni kuongeza presha, yaani kurudi kwenye ugumu ule ule. Tairi pana inatatua yote mawili, kwa sababu hewa ya kumeza pigo ipo. Fremu tunazouziwa haziingizi zaidi ya milimita 28. Nimeuliza muuzaji, na mwenyewe amekubali.

Sasa nawaambia kwa nini sikukasirika kuitwa mtu wa Black Mamba. Chukueni tairi ya Black Mamba msome ubavuni: 28 kwa inchi moja na nusu. Inchi moja na nusu ni milimita 38. Nendeni sasa kwenye katalogi ya kampuni yoyote inayouza baiskeli za changarawe na muangalie upana wa tairi: 38, 40, 42. Wahandisi wa dunia nzima wamezunguka miaka yote hiyo wakarudi pale pale alipokuwa mchuuzi wa samaki wa Kisumu :-) Sidai tununue Black Mamba, ni nzito kama kitanda na breki zake za fito zinahitaji maombi. Nasema tu kwamba barabara zetu zilishajibu swali la tairi zamani.

Cheni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa za kikundi zitakapotorokea kimyakimya.

Cheni hainyooki kama mpira, ingawa sote tunasema "imevutika". Kinachotokea ni kwamba vipini vyake vinaliwa pale vinapozunguka ndani ya matundu, kidogo kidogo, na nafasi hizo ndogo zikijumlishwa cheni inakuwa ndefu. Pini hadi pini ni nusu inchi, milimita 12.7. Hesabu nafasi 24, utapata inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Rula ya shule inatosha. Ikifika kama 306.3, cheni ya gia kumi na moja au kumi na mbili inafaa kutupwa. Ya gia nane hadi kumi inaweza kungoja mpaka 307. Ukipitisha hapo, cheni ndefu inaanza kula meno ya gia yawe kama mapezi ya papa, na siku utakayoweka cheni mpya itakuwa inaruka, basi umenunua cheni na seti ya meno na pengine meno ya mbele pia. Ukibadilisha cheni mapema, meno yanavumilia cheni tatu au zaidi.

Kinachoiua ni vumbi likichanganyika na oili. Vumbi letu jekundu ni laini, linaingia popote, na likikutana na oili linakuwa uji wa msasa. Na hapa lazima niwaseme mafundi wetu ninaowapenda: ile oili chafu ya injini acheni. Imeshabeba vyuma vidogo kutoka kwenye gari, halafu unaipaka kwenye cheni ili ikusanye mchanga. Wakati wa kiangazi mimi natumia nta ya mishumaa. Cheni mpya naiosha kwa petroli mpaka grisi ya kiwandani itoke, namalizia kwa spiriti, naiacha ikauke. Nta nayeyusha kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto moja kwa moja kwa sababu nta inashika moto, naizamisha cheni mpaka mapovu yaishe, naitundika. Ikipoa ni ngumu kama fimbo, unaivunjavunja kwa mkono ilainike. Vumbi halina kitu cha kushika. Cheni yangu ya sasa ina kilomita 3,400, na rula inasoma 305.4.

Nta ina ubaya wake, nisiwadanganye. Mvua moja kubwa inaiondoa, na usipoikausha cheni usiku huo, asubuhi ina kutu. Wakati wa masika kule kwenye udongo mweusi wa Kitengela hakuna mafuta yanayosaidia, hata magurudumu hayazunguki, unabeba baiskeli begani. Lakini kwa miezi ya kiangazi, mishumaa michache na jiko vinashinda chupa ndogo ya mafuta ya duka la mjini ambayo bei yake siitaji nisije nikalia.

Tofauti ya pesa ni hii: kwa bei niliyolipia cheni yangu moja ya gia kumi na moja mwaka jana, nilipata cheni tatu za gia nane kwa baiskeli ya mdogo wangu. Ya gia nane ni nene zaidi, inavumilia zaidi kuchakaa, na inauzwa mpaka kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kiserian. Kijana ambaye hana kazi ataibadilisha ipi kwa wakati? Hatabadilisha. Ataendesha mpaka iruke, na siku itakayoruka atakuwa amesimama kwenye pedali katikati ya magari.

Mtu wa programu akiangalia haya anaona viwango. Ile nusu inchi ya cheni imedumu zaidi ya karne moja. Hans Renold alitengeneza cheni ya rola Manchester mwaka 1880, na cheni ya baiskeli unayopanda leo ni mjukuu wake. Zile beringi za ekseli ya pedali zenye nyuzi za Kiingereza, milimita 68, fundi wa Oltepesi anazifungua na fundi wa Osaka anazifungua. Halafu wakaja watu wakaamua beringi zisukumwe tu ndani ya fremu bila nyuzi, kila kampuni na kipimo chake: BB30, PF30, BB86, BB90... zinalia kama mlango wa kanisa vumbi likiingia, na zinataka vifaa vyao maalum kuzitoa. Kampuni nyingi sasa zinarudi kwenye nyuzi. Tatu kati ya zile fremu tano tunazotaka kununua ni za kusukuma. Tukizinunua tunawasaidia Wazungu kusafisha stoo.

Na gia za umeme? Zinafanya kazi vizuri sana, nimezipanda, zinabadilika kama kubonyeza kipanya. Lakini ni kompyuta. Agosti 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California San Diego na Northeastern walionyesha kwamba mawimbi ya gia za Shimano Di2 zisizo na waya yanaweza kunaswa na kurudiwa kutoka umbali wa mita kama kumi, ukambadilishia mtu gia akiwa anapanda mlima. Shimano walishirikiana nao wakatoa marekebisho ya programu. Sina wasiwasi kwamba mtu atavizia Corner Baridi na redio. Wasiwasi wangu ni huyo kijana: betri ikizeeka, kebo ya kuchaji ikipotea, programu ikitaka kusasishwa kwa simu ambayo hana. Waya ya gia inauzwa kila mahali, na ikikatika unaiona imekatika.

Hoja nzito ya upande wa pili naijua, na mweka hazina wetu aliisema vizuri: mashindano mengi hapa nchini ni ya lami, na anayetafuta vipaji anaangalia nani amefika kwanza. Ukimpa kijana baiskeli nzito umemfungia mlango. Akataja Chris Froome. Sawa. Lakini Froome, kabla ya kushinda Tour de France mara nne, alijifunza kwa David Kinjah kule Kikuyu, kwenye njia za udongo. Na milango sasa si ya lami peke yake: tangu 2021 kuna Migration Gravel Race huko Maasai Mara, siku nne, takriban kilomita 650, na Wakenya wanapambana mle ndani na wageni wenye majina. Sisemi changarawe ni salama. Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani, tulimpoteza Agosti 2022 alipoanguka kwenye mbio za changarawe Vermont, na wengi wetu tulikuwa tukimfahamu kwa macho. Ndiyo maana breki na tairi nazichukulia kwa uzito kuliko gramu.

Kwa lami nina pendekezo, na hapa niko tayari kukubaliana katikati. Baiskeli ile ile ya tairi 38 ukiivalisha tairi laini za 28 asubuhi ya mashindano inakuwa baiskeli ya lami. Itakuwa na kilo moja na nusu au mbili zaidi ya zile za kaboni. Mlimani atazihisi, sikatai. Lakini zile za kaboni haziwezi kufanya kinyume chake, na vijana hawa wanaishi kilomita nne ndani ya muramu, kwa hivyo kila siku ya mazoezi inaanza na kuisha kwenye mawe.

Mzee wa Oltepesi nilimpigia simu juzi. Nilimuuliza kama angekubali kuja Kiserian mara moja kwa mwezi tukimlipa nauli na siku yake, awafundishe vijana kunyoosha magurudumu. Akauliza ni baiskeli gani. Nikamwambia bado hatujaamua. Akasema tukiamua nimpigie tena.

Jumamosi saa nne nitakuja na rula, ile cheni yangu ya zamani iliyofika 308, na kile kishikio kilichovunjika. Wa tairi nyembamba njooni na zenu.